Kishikwambi kimejaa: memori kadi au hadi diski ya nje?

Swali hili linanifikia karibu kila wiki, na likikaribia mwisho wa muhula linanifikia kila siku: "Kishikwambi changu kimejaa, ninunue memori kadi au eksteno?" Wanaouliza ni walimu wa Chamwino na Bahi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na wa Chuo cha Mipango wanaokwenda vijijini kukusanya data, na siku hizi hata vijana wanaopiga video za harusi. Nimewajibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Leo nakuandikia yote mahali pamoja, ufuate hatua kwa hatua.

Jibu langu ni hili: kadi ni ya safari, diski ni ya nyumbani. Kadi inakaa ndani ya kishikwambi na unafanya nayo kazi darasani, shambani na barabarani. Diski ni kihenge. Jioni unaleta mavuno, unamimina, unafunga. Hakuna anayebeba kihenge begani kwenda kulima. Kama una fedha ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua kadi nzuri, diski itafuata.

Maelezo haya ni ya vishikwambi vya Android, maana ndivyo vilivyo mikononi mwa wengi wetu, vikiwemo vile vya Sensa ya 2022 ambavyo baadaye walikabidhiwa walimu. Kama ulichonacho ni mali ya ofisi au shule, muulize kwanza anayevisimamia. Vingine vimefungiwa mipangilio, na kulazimisha kutakuletea matatizo ya bure.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kishikwambi chenye chaji ya asilimia 60 au zaidi.
- Memori kadi ndogo, ile inayoitwa mikroSD. Kwa mwalimu au mkusanya data, GB 64 au 128 inatosha kabisa.
- Pini ya kufungulia kitrei cha laini.
- Kebo au adapta ya OTG, ile inayokiwezesha kishikwambi kusoma vifaa vya USB, inayoingia kwenye tundu la chaja la kishikwambi chako.
- Hadi diski ya nje ya inchi 2.5, au SSD ya nje (diski isiyozunguka) kama mfuko unaruhusu.
- Hab ya USB (kigawanyio chenye matundu kadhaa ya USB) inayopokea umeme wa chaja au pawa benki. Wengi huiruka hii, kisha wanarudi kuitafuta.
- Kompyuta ya kuazima kwa saa mbili tatu, ya kupimia kadi na kufomati diski, yaani kuifuta na kuipanga upya.
- Kikopo kidogo chenye mfuniko unaobana. Vumbi la Dodoma halihitaji utambulisho.

Hatua ya 1: Jua kishikwambi chako kinakubali nini

Fungua kitrei cha laini uangalie nafasi zake. Vingine vina nafasi ya laini mbili na kadi, vingine nafasi ya pili ni ya kuchagua, laini au kadi. Ukikuta hiyo ya kuchagua, amua mapema laini ipi utaiacha, usije ukagundua uko Kibakwe kwamba laini yenye mtandao ndiyo uliyoitoa.

Kisha tafuta kwenye kijitabu chake, au kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukubwa wa mwisho wa kadi kinaoukubali. Kadi zilizozidi GB 2 hadi GB 32 huandikwa SDHC, na zinazozidi 32 huandikwa SDXC. Kifaa cha zamani kilichotengenezewa SDHC kinaweza kuikataa ya GB 128 hata kama ni nzima.

Mwisho pima OTG. Huhitaji kuwa na diski kwa jambo hili. Chomeka kebo ya OTG, kisha mausi ya kompyuta. Kimshale kikitokea kwenye kioo, OTG inafanya kazi. Kisipotokea, jaribu kebo nyingine kabla hujakilaumu kishikwambi, kwa sababu kebo mbovu ni nyingi kuliko vishikwambi visivyo na OTG.

Hatua ya 2: Nunua kadi kwa kusoma alama zake, usiangalie ukubwa peke yake

Juu ya kadi kuna alama ndogo ambazo watu hawazisomi. Namba 10 ndani ya herufi C, au 1 ndani ya herufi U, maana yake kadi inaandika angalau MB 10 kwa sekunde. Namba 3 ndani ya U ni angalau MB 30 kwa sekunde. A1 inaonyesha kwamba kadi inamudu vifaili vidogo vingi vinavyosomwa na kuandikwa na programu.

Piga hesabu uone tofauti. Video za GB 32 kwa MB 10 kila sekunde zinachukua takriban dakika 53. Kwa MB 30 ni dakika 18 hivi. Kama unarekodi video, tafuta U3. Kama ni picha, vitabu vya PDF na fomu, C10 yenye A1 inatosha, usiongeze fedha.

Onyo: kadi ya TB 1 inayouzwa kwa bei ya GB 32 si ya TB 1. Hakuna bahati ya namna hiyo sokoni. Nunua mahali wanapotoa risiti na wanapokubali kubadilisha.

Hatua ya 3: Pima kadi kabla hujaiamini

Hapa nakuomba usiwe na haraka. Kadi ya uongo hudanganya kwa ustadi. Ndani yake kuna, tuseme, GB 8 za kweli, lakini imeandikiwa ijitangaze kuwa ni GB 128. Ukiichomeka, kishikwambi kinaonyesha 128. Unaweka picha, zinaonekana. Ukishavuka zile GB 8 za kweli, faili mpya zinaandikwa juu ya zile za mwanzo au zinapotea tu, na majina yake yanabaki kwenye orodha kana kwamba zipo. Siku unayozihitaji, zinafunguka zikiwa nyeusi.

Niliwahi kununua kadi ya namna hiyo nikaenda nayo Mpwapwa siku nne. Picha za siku ya kwanza pekee ndizo zilizosalimika. Zile nyingine zilikuwa za wazee walionipa muda wao, wakaketi juani wanieleze mambo yao, na sikuwa na uso wa kurudi kuwaomba tena. Tangu hapo sijaingia kijijini na kadi ambayo sijaipima.

Kwenye Windows tumia programu ya bure iitwayo H2testw. Kwenye Linux au Mac tumia F3. Zote zinafanya jambo moja: zinaijaza kadi hadi mwisho, kisha zinasoma kilichoandikwa na kulinganisha. Kwa kadi ya GB 64 kazi hii inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa hiyo iache ikifanya wewe ukipika. Fanya hivi kadi ikiwa mpya na tupu. Ikitoka na makosa, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Usishtuke kuona kadi ya GB 64 ikisomeka kama 59 hivi kwenye Windows. Huo si wizi. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Hatua ya 4: Ifomati ndani ya kishikwambi, na uchague sawasawa

Zima kishikwambi, weka kadi, washa. Kama kifaa chako kina huduma hiyo, iliyokuja na Android 6 mwaka 2015, kitakuuliza uitumie kadi kama hifadhi ya kubebeka au kama hifadhi ya ndani. Maneno hutofautiana kidogo kwa kila kampuni, ila maana ni hiyo.

Chagua ya kubebeka.

Najua ile ya ndani inavutia, kwa sababu inakuruhusu kuhamishia programu kwenye kadi. Lakini ukiichagua, kishikwambi kinaifungia kadi kwa ufunguo ambao uko ndani ya kishikwambi hichohicho. Kadi hiyo haisomeki tena popote pengine. Nilimwona dada mmoja mkusanya data aliyeangusha kishikwambi chake njia ya Kondoa, kioo kikafa. Akatoa kadi akijua kazi yake ya wiki iko salama, akaiweka kwenye kishikwambi cha mwenzake, nacho kikamwambia kadi haitambuliki, aifomati. Kadi ilikuwa nzima kabisa. Ufunguo ndio uliobaki kwenye kile kilichovunjika.

Hatua ya 5: Hamishia kazi kwenye kadi

1. Fungua kamera, ingia kwenye mipangilio yake, chagua kuhifadhi kwenye kadi ya SD. Picha mpya zitakwenda huko zenyewe.
2. Fungua programu ya Faili, chagua picha na video za zamani, nakili kwenda kwenye kadi. Usichague kuhamisha. Umeme wa kishikwambi ukikata katikati ya kuhamisha, unaweza kubaki na nusu huku na nusu kule.
3. Fungua faili tano sita kutoka kwenye kadi, hasa za mwisho. Zikifunguka, ndipo ufute za ndani.
4. Vitabu, mitihani ya zamani na video za somo, vyote vihamie kwenye kadi.

Vitu viwili havitahama, na ndivyo vinavyoleta maswali mengi. Cha kwanza ni WhatsApp. Picha na video zake zinabaki kwenye hifadhi ya ndani, kwenye folda ya Android, kisha media. Unaweza kuzinakili kutoka humo na kuzifuta, lakini huwezi kuiamuru WhatsApp ihamie kwenye kadi. Zima upakuaji wa moja kwa moja wa video za magrupu, utashangaa nafasi itakayobaki.

Cha pili ni fomu za KoboCollect na ODK Collect, programu za kukusanyia data. Fomu ambazo hujazituma ziko ndani ya programu yenyewe. Ukiifuta programu ili upate nafasi, zinaondoka nayo. Tuma kwanza, hakikisha zimefika, ndipo uguse kitu kingine.

Hatua ya 6: Andaa hadi diski

Diski nyingi zinatoka dukani zikiwa na mfumo wa faili (namna diski inavyopanga faili zake) uitwao NTFS, ambao Windows inaupenda lakini vishikwambi vingi vya Android havisomi. Ukichomeka, kinakwambia diski imeharibika, ifomati. Haijaharibika. Usibonyeze kukubali kama ndani kuna vitu!

Kwa diski mpya na tupu, ichomeke kwenye kompyuta, bonyeza kulia, chagua fomati, kisha exFAT. FAT32 nayo husomeka karibu kila mahali, ila haipokei faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo video ndefu ya mahafali itagoma. Vishikwambi vya zamani vinaweza kuikataa exFAT. Pima kwa fleshi uliyoifomati hivyo kabla hujagusa diski.

Kama diski ina vitu, vitoe vyote kwanza kwenye kompyuta. Kufomati kunafuta kila kitu.

Hatua ya 7: Lisha diski umeme

Ningekuwa na nafasi ya kukufundisha jambo moja tu, ningechagua hili. Diski inayozunguka ina mota. Wakati wa kuanza kuzunguka, mota inaweza kuvuta umeme unaokaribia ampia 1. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Kishikwambi kinaendeshwa na betri yake na mara nyingi hakitoi hata hizo kwa uhakika. Matokeo yake ni diski inayolia tik, tik, tik, inajaribu kuzunguka, inashindwa, inajaribu tena. Wengi husikia sauti hiyo wakadhani diski imekufa. Ina njaa. Lakini ukiiacha iendelee hivyo, unaweza kuiharibu kweli, au faili uliyokuwa unaandika ikakatika.

Fanya hivi: chomeka chaja au pawa benki kwenye hab, chomeka hab kwenye kishikwambi kwa OTG, na mwisho kabisa chomeka diski kwenye hab. Ipo pia kebo yenye vichwa viwili, kimoja cha data na kingine cha umeme; nayo inafaa, ukiunganisha kile cha umeme kwenye pawa benki.

Kishikwambi chenye tundu la Type-C kinaweza kupokea chaji huku diski inasomeka, ukitumia hab yenye nafasi ya chaja. Vingi vya tundu la zamani, mikroUSB, haviwezi: ukitumia OTG huwezi kuchaji. Ndiyo maana nilisema asilimia 60.

SSD ya nje haina mota, na mara nyingi inaridhika na umeme wa kishikwambi bila hab. Ni ghali zaidi kwa kila GB. Kwa anayesafiri sana inalipa. Kwa anayeweka kumbukumbu za shule za miaka kumi, diski ya kawaida iliyotulia mezani inatosha.

Zile diski kubwa za inchi 3.5 zenye adapta yake ya ukutani, waachie wa ofisini.

Hatua ya 8: Nakili jioni, kila jioni

1. Tengeneza folda yenye tarehe kwanza, mwaka ukitangulia, kisha mahali: 2025-06-14 Mvumi. Ukiandika hivyo zinajipanga zenyewe.
2. Kama una vifaili vidogo maelfu, vifunge kwanza kuwa faili moja la zip. Vidogo vingi vinachukua muda mrefu kuliko kimoja kikubwa chenye uzito uleule.
3. Nakili kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski. Kioo kisizime, ongeza muda wake kwenye mipangilio.
4. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili. Fungua chache.
5. Usifute za kwenye kadi usiku huo. Zifute ukishakuwa na nakala ya pili, kwenye kompyuta ya ofisi au mtandaoni.

Kama unabeba majina, simu au picha za watu, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kadi ya kubebeka haina kufuli. Anayeiokota stendi ya Nanenane anaisoma yote. Zip yenye nywila ni kinga rahisi, ukichagua usimbaji wa AES, aina imara ya kufungia faili, na kuandika nywila mahali tofauti na kadi.

Hatua ya 9: Ondoa kwa utaratibu

Ingia Mipangilio, Hifadhi, bonyeza alama ya kuondoa pembeni ya jina la kadi au diski, subiri ujumbe, ndipo uchomoe. Ukinakili, kishikwambi hukwambia "tayari" huku bado kinamalizia kuandika. Anayechomoa papo hapo ndiye anayerudi kwangu na folda tupu.

Kwa diski inayozunguka, baada ya kuiondoa subiri mpaka usikie imenyamaza, kama sekunde kumi. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Ukiibeba au ukiigonga ikiwa inazunguka, kichwa kinaweza kukwaruza sahani. Usinakili ndani ya basi, na kwenye bodaboda diski iwe imezimwa, imefungwa kwenye kitambaa, katikati ya begi. Gari likiegeshwa juani, usiiache juu ya dashibodi.

Kadi yenyewe haijali mtikisiko. Adui zake ni kupotea na kupinda. Ina milimita 15 kwa 11 tu. Usiitoe nje upepo wa Agosti ukivuma, na ikitoka iingie kwenye kikopo moja kwa moja.

Ikikwama

*Kadi haionekani kabisa.* Zima, itoe, futa sehemu za dhahabu kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, irudishe. Bado? Ijaribu kwenye simu nyingine. Ikisomeka huko, tatizo ni kitrei, mara nyingi vumbi. Pulizia kwa pampu ndogo ya mkono, siyo kwa mdomo, mate ni unyevu.

*Kadi inasomeka lakini haifuti wala haipokei kitu.* Kadi nyingi zikichakaa hujifunga zisiandikwe tena. Toa vilivyomo leo na uistaafishe. Kufomati hakutaifufua.

*"Kadi imeharibika, fomati."* Kataa. Ipeleke kwenye kompyuta. Ikifunguka huko, nakili kila kitu kwanza. Isipofunguka, tumia PhotoRec, programu ya bure inayotafuta picha na nyaraka hata pale orodha ya faili ilipovurugika, na ulichookoa ukihifadhi kwenye kompyuta, siyo kwenye kadi hiyohiyo. Hairudishi majina ya faili, kwa hiyo jiandae kukaa na picha mia nne zenye namba. Kufomati kuje baada ya hapo.

*Nimefuta kwa bahati mbaya.* Toa kadi sasa hivi. Kila picha mpya utakayopiga inaweza kukaa juu ya ile unayoililia. Kisha PhotoRec kama hapo juu.

*Diski inawaka taa lakini haitokei.* Umeme kwanza, kisha kebo, kisha mfumo wa faili, kwa mpangilio huo. Ukiibadilishia hab ikatokea, umepata jibu. Ikitokea kwenye kompyuta lakini si kwenye kishikwambi, ni NTFS.

*Diski inalia tik tik hata kwenye kompyuta.* Izime, usiijaribu tena na tena, na usimruhusu mtu aifungue kwa bisibisi mezani. Kama kilichomo hakina nakala, mpelekee fundi anayeokoa data, aliyekuonyesha kazi aliyowahi kufanya. Kama kina nakala, nunua diski nyingine ukanakili upya usiku huohuo, kabla ile nakala moja iliyobaki haijakaa peke yake hata siku mbili.